Sura ya Sita: Giza la Seronera

Ilikuwa Julai, mwezi umebakiza siku mbili kuandama. Dereva wetu aliegesha gari ubavuni mwa mgunga mmoja katika kambi ya umma pale Seronera, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Akazima injini, akashusha kioo, akatazama juu kwa muda bila kusema neno. Kisha akasema, "Leo kwetu wavuvi wote wameingia ziwani."

Ni mzaliwa wa Ukerewe, na huko dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa ya mvuvi huwavuta dagaa pale tu ambapo hakuna mwanga mwingine wa kushindana nayo. Mwezi ukipevuka taa hupoteza nguvu, na wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu na kungoja giza lirudi. Mtoto aliyekulia huko anazijua siku za giza kama mtoto wa mkulima anavyozijua dalili za mvua.

Mimi nilikuwa nimefunga safari na kamera moja, lenzi mbili, stendi ya miguu mitatu na betri nne, nikijua kwamba nimekuja kupiga picha za nyota. Sentensi ile ya dereva ilinionyesha nilichokifuata hasa. Nyota ziko juu ya Dar es Salaam na Nairobi vilevile, usiku huohuo, kwa idadi ileile. Kilichoko Seronera na kisichoko mjini ni giza. Nimeandika sura hii ili kueleza namna ya kupiga picha ya anga la usiku ukiwa kambini, lakini pia kusema jambo ninaloliamini kwa moyo wote: giza ni sehemu ya hifadhi kama walivyo simba na migunga, na anayetaka kulipiga picha ana wajibu wa kulilinda kwanza.

Kuchagua usiku

Safari ya namna hii hupangwa kwa kuanza na mwezi. Mwezi mpevu hung'arisha anga lote hata Njia Nyeupe, ule ukanda wa mwanga wa nyota zisizohesabika za galaksi yetu, ikafifia na kupotea. Tafuta siku nne au tano kabla ya mwandamo, au siku nne tano baada yake. Kabla ya mwandamo mwezi huchomoza karibu na alfajiri na kukuachia usiku karibu wote. Baada ya mwandamo hilali huzama mapema jioni. Watu wa pwani wanaofuatilia miezi ya Kiislamu wanaijua hesabu hii bila kufungua programu yoyote ya simu.

Baada ya mwezi, tazama msimu. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba kina mawingu machache, na kwa bahati njema ndicho kipindi ambacho kitovu cha Njia Nyeupe, kilichoko upande wa kundinyota la Mshale karibu na mkia wa Nge, hupanda juu usiku wakati watu bado wako macho. Kila nyota huchomoza dakika nne mapema kuliko jana yake, yaani saa mbili mapema kila mwezi. Ndiyo maana katikati ya Juni kitovu hicho hufika juu kabisa pale Seronera karibu saa saba usiku, katikati ya Julai karibu saa tano, na katikati ya Agosti karibu saa tatu. Ukizikumbuka saa hizo tatu, umekwisha kupanga nusu ya kazi yako.

Kiangazi kina adui wake pia. Vumbi huelea hewani, na mapema katika msimu sehemu za nyika huchomwa kwa mpango ili baadaye pasizuke moto mkali. Moshi ukitanda, nyota za karibu na upeo wa macho hugeuka rangi ya kutu, kisha hupotea. Usiku wa namna hiyo elekeza kamera juu, mahali ambapo hewa ni nyembamba na safi zaidi.

Mahali penyewe pana neema ambayo wengi wetu hatuijui. Seronera iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, na kutoka hapo mtu akikaa mwaka mzima huona karibu kila nyota inayoonekana kutoka duniani. Mkazi wa London akibaki kwao hataliona kundinyota la Salibu maisha yake yote. Mkazi wa Cape Town hataliona lile la Dubu Mkubwa likiwa zima. Sisi, jioni moja ya Julai, saa mbili usiku, tulikuwa na Salibu imeinama upande wa kusini na Dubu Mkubwa ameinama upande wa kaskazini, kama wazee wawili waliokaa kwenye baraza mbili za nyumba moja. Isitoshe, jua la ikweta huzama karibu wima: saa moja na robo hivi baada ya machweo giza limekamilika. Kaskazini ya Uingereza, katikati ya Julai, giza kamili halifiki usiku kucha.

Mipaka ya kambi

Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na eneo lake ni kilomita za mraba 14,763. Mpiga picha mgeni hudhani eneo lote hilo ni lake: atakwenda kwenye vilima vya mawe vya Moru, atasimama chini ya mgunga uliojitenga, atangoja nyota zikae sawasawa juu ya matawi. Haiwezekani. Jua likizama magari ya wageni hurudi kambini, na hakuna kuzurura kwa miguu. Kambi zenyewe hazina uzio. Kwa hiyo picha yako ya usiku utaipiga kwa kile kilichopo hapohapo: hema lako, mgunga wa kambi, gari, paa la jiko.

Nilipoanza, nililiona sharti hilo kuwa pingu. Leo nalishukuru. Mchana, kabla ya kufunga hema, huwa nazunguka kambi nikiwa na dira, nikitafuta mahali ambapo mti uko kusini mwangu na hema liko chini ya mti. Nyota za usiku nazipangia nafasi jua likiwa bado linawaka. Ukifanya hivyo, usiku hutakuwa na sababu ya kupiga hatua hata kumi.

Sababu ya kutozipiga hatua hizo ni nzito. Mwaka 2011 Craig Packer, aliyewachunguza simba wa Serengeti kwa miongo kadhaa, pamoja na wenzake walichapisha uchambuzi wa mamia ya mashambulizi ya simba dhidi ya wanavijiji wa Tanzania kati ya mwaka 1988 na 2009. Waligundua kwamba hatari huongezeka mara tu mwezi mpevu unapopita. Siku hizo mwezi huchelewa kuchomoza, kila siku kwa dakika hamsini hivi, na zile saa za mwanzo wa usiku, watu wakiwa bado wako nje, hugeuka giza. Simba aliyekosa windo wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa alionekana kutoka mbali, sasa ana njaa na ana kificho.

Soma matokeo hayo ukiwa umeshika stendi ya kamera mkononi. Giza unalolitafuta wewe ndimo simba anamotafutia riziki yake. Kambini tulikuwa na utaratibu usiovunjwa: mmoja anapiga picha, mwingine hana kazi nyingine ila kutazama na kusikiliza. Kamera ilisimama hatua tano kutoka mlangoni mwa gari, na mlango haukufungwa kwa ufunguo. Chakula hakikuingia hemani, hata biskuti. Kila mmoja wetu alivaa tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu hafifu kwa ajili ya kazi, na mfukoni akaweka tochi nyeupe yenye nguvu kwa ajili ya dharura.

Tochi hiyo nyeupe tuliiwasha mara moja tu. Saa nne kasorobo dereva alinigusa bega na kunionyesha upande wa jiko. Sikuona kitu. Akawasha kwa sekunde mbili, na pale kwenye nyasi yakajibu macho mawili ya kijani, ya kimo cha goti, yametulia. Fisi. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaourudisha mwanga ili upite kwenye retina mara ya pili. Ndiyo siri ya kuona kwake usiku, na ndiyo sababu ya mng'ao ule. Fisi alitutazama, akageuza kichwa, macho yakazimika kama taa zilizopulizwa, tukasikia nyasi zikikatika chini ya miguu yake akienda zake. "Twende garini kwanza, kaka," dereva akasema. Tukakaa garini dakika ishirini, kamera ikiendelea kufanya kazi peke yake pale nje.

Kamera gizani

Saa nzima ya mwanzo niliipoteza, na ninaieleza hapa ili msomaji asiipoteze yake. Nilikuwa nimeiacha lenzi kwenye ulengaji wa kujiendesha. Kila nilipobonyeza, kamera ilitafuta kitu cha kulenga gizani, ikakosa, ikajilengea popote. Kwenye kioo kidogo picha zilionekana nzuri. Nilipozikuza, kila nyota ilikuwa baka la duara, kama tone la maziwa lililoangukia kitambaa.

Tiba yake ni ya mkono. Zima ulengaji wa kujiendesha. Elekeza kamera kwenye nyota angavu. Mimi niliichagua ile nyekundu iliyo moyoni mwa Nge. Washa kioo cha nyuma kionyeshe anga moja kwa moja, kuza mara kumi, kisha zungusha pete ya lenzi kwa ncha za vidole. Nyota yangu ilikuwa kubwa kama punje ya choroko. Ikasinyaa ikawa punje ya mtama, ikasinyaa tena ikawa ncha ya sindano. Nilipopitiliza kidogo ikaanza kuvimba upya, nikarudisha. Hapo nikaifunga pete kwa utepe wa karatasi ili isisogee hadi asubuhi. Usiitegemee alama ya umbali usio na mwisho iliyochorwa kwenye lenzi, kwa sababu lenzi nyingi huruhusu pete kuipita.

Baada ya hapo kazi ni ya hesabu. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, au karibu na mwisho: f/2.8 au chini yake. Weka ISO 3200 kama mahali pa kuanzia. Hifadhi picha katika faili ghafi, lile ambalo kamera huliandika RAW, ili baadaye uweze kurekebisha rangi bila kuiharibu picha. Tumia kichelewesho cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise kamera.

Linabaki swali la muda. Dunia inazunguka, na kamera iliyosimama juu ya ardhi inazunguka nayo. Wapiga picha wana kanuni ya zamani: gawa 500 kwa urefu wa lenzi katika milimita, utapata sekunde. Lenzi ya milimita 20 hutoa sekunde 25. Kamera za leo zina vitone vingi na huonyesha kila kosa, hivyo mimi hugawa 300, nikapata sekunde 15. Nyota iliyo juu ya ikweta husogea nyuzi 15 kwa saa. Kwa lenzi hiyo, kwenye kamera ya vitone milioni 24, katika sekunde 15 itakuwa imepita vitone vinne hivi. Jicho halitalalamika.

Nyota zote, hata hivyo, hazisogei sawa mbele ya lenzi. Zile zinazopita utosini mwetu, sisi watu wa ikweta, ndizo zenye mwendo mkubwa kuliko zote. Salibu, iliyo nyuzi 60 kusini mwa ikweta ya mbingu, husogea kwa nusu ya mwendo huo. Kwa hiyo ukielekeza lenzi ileile kwenye Salibu unaweza kuacha tundu wazi sekunde 30, ukapata mwanga maradufu bila kuharibu chochote. Vitabu vingi vya sanaa hii vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na kanuni zao ni sawa kwa anga lao. Sisi tuna anga letu, na inatupasa kulijua.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi ukitaka kupiga michirizi ya nyota. Hapo unapiga picha mfululizo, kwa mfano picha 120 za sekunde 30, kisha unaziunganisha ziwe saa moja ya mwendo. Mpiga picha wa Ulaya huelekea kaskazini akapata duara kubwa kuizunguka Nyota ya Jaa. Seronera Nyota ya Jaa haionekani. Iko chini ya upeo. Ukielekea mashariki, nyota huchora mistari iliyonyooka kwenda juu kama mvua inayorudi mbinguni. Ukielekea kusini, zinachora matao yaliyosimama juu ya ardhi, tao ndani ya tao, mfano wa mihrabu.

Mwenye simu asikate tamaa. Simu nyingi za sasa zina hali ya usiku ambayo, simu ikitulia kabisa, hukusanya mwanga kwa sekunde nyingi, nyingine hata dakika kadhaa. Iegemeze kwenye jiwe au kwenye boneti la gari lililopoa, weka kichelewesho, uiache. Kitakachokupa picha ni giza na utulivu kabla ya bei ya kifaa.

Wingu lisilosogea

Saa nne na nusu kitovu cha Njia Nyeupe kilikuwa kinakaribia kilele chake, na picha zangu zikawa na ukungu wa manjano upande wa kushoto. Kundi la vijana lililofika jioni lilikuwa limetundika taa kubwa ya kuchaji kwenye mti, karibu na meza yao. Hawakuwa na kosa. Giza la nyika linatisha, na taa ni faraja ya kwanza anayoitafuta mtu.

Dereva ndiye aliyekwenda, kwa gari, ingawa walikuwa umbali wa mita sitini tu. Nilimsikia akiwasalimu na kuwauliza habari za safari, kisha akawaambia, "Vijana wangu, hebu tujaribu kitu. Zimeni kwa dakika ishirini tu. Kaeni hapo hapo pamoja, msiondoke mezani." Wakasitasita. Taa ikazimika.

Macho huhitaji muda. Chembe za jicho zinazoona gizani huchukua dakika ishirini hadi thelathini kurudisha nguvu yake yote, na mwanga mweupe mmoja, hata wa kioo cha simu, hurudisha hesabu mwanzo. Vijana walikaa kimya, kisha wakaanza kunong'ona, kisha sauti ya msichana mmoja ikatufikia wazi kabisa: "Lile wingu mbona halisogei?"

Dereva akamjibu kwamba si wingu. Akaanza kuwaonyesha kwa kidole, gizani, mahali Nge alipolala na mkia wake uliojikunja. Mimi nilibaki kwenye kamera yangu, na picha zilizofuata zilikuwa safi, lakini usiku ule ninaukumbuka kwa swali hilo kuliko kwa picha. Msichana yule alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, na hapo ndipo alipoiona galaksi anamoishi kwa mara ya kwanza.

Hayuko peke yake. Ramani ya dunia ya mwanga wa usiku iliyotolewa na wanasayansi mwaka 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu huishi chini ya anga lililochafuliwa na taa, na kwamba zaidi ya theluthi moja ya binadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe kutoka wanakoishi. Tumeipoteza bila kuibiwa, taa moja baada ya nyingine.

Wala si hasara ya binadamu tu. Mwaka 2013 Marie Dacke na wenzake walitangaza walichokigundua Afrika Kusini kuhusu mbawakawa, yule anayeviringisha donge la mavi. Usiku mdudu huyo anapotaka kuondoka na donge lake kwa mstari ulionyooka, kabla hajanyang'anywa na wenzake, hujiongoza kwa Njia Nyeupe. Watafiti walimfunika macho kwa kofia ndogo ya karatasi ngumu, akazungukazunguka asijue aendako. Walimwingiza katika jumba la kuonyeshea mfano wa anga pale Johannesburg, wakamwachia ukanda wa Njia Nyeupe peke yake, akanyooka. Mbawakawa waviringishao mavi ya nyumbu na tembo wako Serengeti pia, chini ya anga hilohilo. Kabla hatujaweka taa nyingine hifadhini, tujiulize ni viumbe wangapi wanaosoma ramani ya juu tusiowajua bado.

Kuna waliokwisha kuchukua hatua. Hifadhi ya NamibRand nchini Namibia ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga la giza, ya kwanza barani Afrika. Yanayotakiwa si ya gharama kubwa: taa ifunikwe juu ili mwanga uangukie chini, rangi yake iwe ya manjano kuliko nyeupe ya samawati, na iwake pale tu inapohitajika. Nyumba ya wageni yoyote inaweza kuyafanya hayo wiki hii. Kambi yoyote inaweza kuyafanya leo jioni.

Ukweli wa picha

Watu wakiziona picha hizi huuliza: "Je, hivi ndivyo ulivyoona?" Ni swali la haki, na linadai jibu la haki. Hapana. Jicho langu liliona ukanda wa kijivu unaong'aa, wenye mabonde meusi katikati yake. Chembe za jicho zinazofanya kazi gizani hazitambui rangi, na jicho haliwezi kukusanya mwanga wa sekunde 15 likautoa wote mara moja. Kamera inaweza. Rangi ya waridi ya mawingu ya gesi na ile ya kahawia ya kitovu ziko kweli. Ni dhaifu mno kwetu.

Kazi hii ina heshima ya kale. Nyota ya kwanza kupigwa picha baada ya Jua letu ilikuwa Vega, Julai 1850, katika kituo cha nyota cha Harvard nchini Marekani, na bamba lilingoja mwanga kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Nyota hiyohiyo ilikuwa upande wa kaskazini wa kambi yetu usiku ule, ikiwaka nyeupe.

Kwa hiyo kukusanya mwanga si udanganyifu. Hata kuunganisha picha nyingi za sehemu moja si udanganyifu: nikipiga picha 16 na kutafuta wastani wake, zile chembechembe za takataka ambazo kamera huzizalisha gizani hupungua hadi robo, na nyota hubaki. Udanganyifu ni kuchukua anga la nchi nyingine na kulibandika juu ya mgunga wa Serengeti, au kumweka simba mahali ambapo hakuwapo. Anayefanya hivyo anamwambia mtazamaji kwamba usiku wa kweli hautoshi. Mimi naamini unatosha, na chini ya kila picha ninaandika mahali, mwezi, saa na muda wa mwanga, ili anayetaka aende akahakikishe.

Alfajiri

Saa kumi na moja alfajiri baridi ilikuwa imeingia mifupani, na stendi ya kamera ilikuwa na unyevu wa umande. Kitovu cha Njia Nyeupe kilikuwa kimezama. Nilifikiri nimemaliza, hadi nilipogeuka.

Kaskazini, nusu ya njia kwenda utosini, kulikuwa na kidoa chenye ukungu: galaksi ya Andromeda. Kusini, chini zaidi, kidoa kingine: Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu. Zote mbili zilikuwa karibu kufika kilele kwa wakati mmoja, moja mbele ya uso wangu na nyingine mgongoni. Mwanga wa Andromeda uliingia kwenye lenzi yangu baada ya safari ya miaka takribani milioni 2.5. Bonde la Oldupai, tulilolipita njiani kutoka Ngorongoro, limehifadhi zana za mawe za miaka karibu milioni mbili. Siku mtu wa kale alipogonga jiwe kwa jiwe pale bondeni, mwanga huu ulikuwa tayari njiani kuja.

Mashariki Kilimia kilikuwa kimepanda, vinyota vile vilivyosongamana kama vifaranga. Mwezi Mei kilikuwa kimefichwa na jua. Sasa kimerudi upande wa alfajiri. Jina lake limetokana na kulima, maana wazee walipima majira ya mvua na jua kwa kuzama na kuzuka kwake. Kilimo, safari za majahazi, uvuvi wa dagaa, mwandamo wa mwezi: watu wetu hawakulitazama anga kama pambo. Walilisoma, na waliweza kulisoma kwa sababu lilikuwa na giza la kutosha.

Nilikuwa nimebakiza nafasi ya picha chache za mwisho. Nikaelekeza kamera mashariki, nikiwa na tawi la mgunga upande mmoja wa picha na Kilimia upande mwingine, nikabonyeza. Hapo nikausikia mlango wa jiko. Mpishi wetu alikuwa ameamka kuchemsha maji ya chai, na taa yake iliangaza ghafla dirishani. Nikafungua mdomo kumwita.

Sikuhitaji. Alichukua sinia, akaliegemeza dirishani kuikinga taa, mwanga ukabaki mle ndani juu ya jiko. Kisha akatoka, akasimama mlangoni amejifunga kitenge mabegani, akatazama mashariki pamoja nasi. Kamera ikahesabu sekunde zake kumi na tano.